Chipu ya Mwanga na Mlango Wake

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hekima hiyo ina mahali pake, lakini ipo nyumba moja ambayo wema wake wote hutegemea mlango. Nyumba hiyo ni chipu ya mwanga: kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye mifereji myembamba ambamo hupita mwanga badala ya umeme. Wataalamu wa nchi mbalimbali wanaviandaa vipande hivyo kwa ajili ya kupima damu, kuchunguza macho na kutambua maradhi kwa tone dogo la sampuli. Habari zake zinapotangazwa, husifiwa wepesi wake, udogo wake na wingi wa vipimo vinavyoweza kufanyika kwa mara moja. Jambo linalotajwa kwa nadra ni njia ambayo mwanga huitumia kuingia humo na kutoka. Hoja ya makala haya ni kwamba mlango huo ndio utakaoamua iwapo chipu hizi zitamfaa mgonjwa wa zahanati ya kijijini, au zitabaki kuwa fahari ya maabara kubwa. Kwa sababu hiyo watumishi wa afya hawana budi kuufahamu na kuuhoji.

Mwanga unaosafiri ndani ya kioo si mgeni katika tiba. Mwaka 1930 Heinrich Lamm, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Munich, Ujerumani, alifunga pamoja nyuzi za kioo na kupitisha humo taswira ya uzi wa balbu. Nia yake ilikuwa kupata njia ya kutazama ndani ya mwili pasipo kupasua. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitumia endoskopu inayopindika, iliyotengenezwa kwa nyuzi hizo, kutazama tumbo la chakula. Ni baadaye, mwaka 1966, ambapo Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kingeweza kubeba mawasiliano ya masafa marefu; kazi hiyo ilimpatia Kao Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kuhudumia Dar es Salaam na Mombasa. Kwa hiyo uzi wa kioo, ambao wengi huujua kwa jina la faiba na kuuhusisha na intaneti, ulifika hospitalini kabla haujafika kwenye mitambo ya mawasiliano.

Katika safari ndefu, uzi huo ni mwaminifu mno. Faiba ya kisasa hupoteza takriban desibeli 0.2 za mwanga kwa kila kilomita. Desibeli ni kipimo cha kulinganisha: kupoteza desibeli 3 ni sawa na kupoteza nusu ya mwanga, na kupoteza desibeli 1 ni sawa na kupoteza takriban moja ya tano. Kwa hesabu hiyo mwanga unaweza kusafiri kilomita 15 ndani ya kioo na bado nusu yake ikafika. Taabu huanza pale uzi unapokutana na chipu. Hapo, katika nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, mwanga waweza kupotea kwa wingi kuliko ulivyopotea katika kilomita hizo zote.

Sababu yake inaeleweka vizuri na yeyote aliyewahi kutazama kwa hadubini. Uzi wa kawaida wa faiba una kipenyo cha mikromita 125, lakini mwanga hupita katika kiini chake tu, ambacho upana wake ni takriban mikromita 8 hadi 9. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Kiini cha faiba, basi, kimeizidi chembe hiyo kidogo tu. Mfereji wa mwanga katika chipu ya silikoni, kwa upande wake, huwa na upana wa nanomita 450 hadi 500 na kimo cha nanomita 220. Huo ni wembamba wa kimelea cha kifua kikuu. Kuunganisha vitu hivi viwili ni kutaka kila kilichojaza eneo la chembe ya damu kipite katika tundu lenye upana wa bakteria. Eneo la mwanga katika faiba ni kubwa mara mia kadhaa kuliko eneo la mfereji, na uzi ukigusishwa tu na mfereji bila maandalizi, karibu mwanga wote humwagika nje.

Zimepatikana njia mbili kuu za kuuzuia umwagikaji huo. Ya kwanza ni kuuingiza mwanga kwa ubavuni mwa chipu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa kampuni ya NTT nchini Japani, na muda mfupi baadaye wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walionyesha kwamba mfereji ukichongwa uwe mwembamba zaidi kadiri unavyokaribia ukingo, hadi ncha yake ifikie takriban nanomita 100, mwanga hautulii tena ndani yake. Hutanuka, ukaenea nje ya silikoni, ukawa mpana wa kutosha kulingana na ule wa faiba. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa akili hutarajia njia nyembamba iubane mwanga. Ukweli ni kwamba njia ikizidi wembamba hushindwa kuushika. Viungo bora vya aina hii hupoteza chini ya desibeli 1, yaani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga hupita. Gharama yake ni uangalifu: ukingo wa chipu lazima ukatwe na kulainishwa, na uzi ukisogea kwa kiasi cha mikromita moja au mbili tu, sehemu kubwa ya mwanga huweza kupotea.

Njia ya pili ni kuuingiza mwanga kutoka juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji walikuwa miongoni mwa walioikuza katika kipindi hichohicho. Juu ya silikoni huchongwa matuta madogo yanayofuatana kwa mpangilio, umbali kati ya tuta na tuta ukiwa karibu mikromita 0.6. Uzi wa faiba husimamishwa juu ya matuta hayo, ukiinamishwa nyuzi chache, mara nyingi 8 hadi 10, nayo matuta huupinda mwanga uingie mferejini. Matuta ya kawaida hupitisha takriban theluthi moja hadi nusu ya mwanga. Yaliyoboreshwa maabara yameweza kuzidi asilimia 80. Yana udhaifu wake: huchagua rangi, yakipokea vizuri mkanda mwembamba tu wa mwanga, na hupendelea mwelekeo mmoja wa mtikisiko wake. Lakini yana fadhila moja kubwa, nayo ni ustahimilivu. Uzi ukisogea mikromita mbili, hasara huwa karibu desibeli 1 tu. Tena matuta yanaweza kuwekwa popote juu ya chipu, bila kungoja ukingo ukatwe.

Katika majarida ya fizikia, mashindano kati ya njia hizi huamuliwa kwa namba moja: ni asilimia ngapi ya mwanga imepita. Namba hiyo ni halali, lakini hupatikana katika chumba chenye ubaridi uliodhibitiwa, juu ya meza isiyotikisika, kwa mitambo inayousogeza uzi kwa hatua ndogo mno hadi mahali panapopitisha mwanga mwingi zaidi. Baada ya hapo uzi hugandishwa kwa gundi. Gundi nayo ina tabia zake: hujikunja inapokauka, hutanuka kwa joto, hulegea kwa unyevu. Kisha chombo hufungwa katika sanduku, hupakiwa kwenye lori, hushushwa bandarini, hupita barabara ya vumbi na mashimo, na hatimaye huwekwa katika chumba ambacho mchana joto hupanda na umeme hukatika. Mgonjwa hapimwi kwa mwanga uliopita siku ile ya maabara. Hupimwa kwa mwanga unaopita siku aliyofika yeye.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa tofauti hiyo. Mwanga huingia katika chipu na kutoka, hivyo hulipa ushuru mara mbili. Kiungo kinachopitisha asilimia 90 kila upande huacha asilimia 81 ya mwanga mwishoni. Kinachopitisha asilimia 40 huacha asilimia 16 tu, na kwa karatasi kinaonekana dhaifu. Lakini endapo safari na joto vitakishusha kile cha kwanza hadi asilimia 10 kila upande, kitakachobaki ni asilimia 1. Ilhali cha pili, kikibaki kilivyokuwa, kitaendelea kutoa asilimia zake 16 asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Ufanisi usiodumu si ufanisi kwa mgonjwa. Ndiyo maana ni busara kwa wanaochagua vifaa kuukubali upungufu ujulikanao na usiobadilika, kuliko ubora usio na uhakika wa kesho.

Hata hivyo, si haki kuihukumu kila hasara ya mwanga kwa mizani moja. Lipo swali linalopaswa kutangulia: je, mwanga umepotea kabla ya kumfikia mgonjwa au sampuli yake, au umepotea ukirudi? Ukipotea ukienda, fundi anaweza kuongeza nguvu ya leza na upungufu ukafidiwa. Ukipotea ukirudi, umebeba habari ambayo haiwezi kununuliwa tena.

Chukua mfano wa kipimo cha macho kijulikanacho kwa kifupi kama OCT, kilichoelezwa na watafiti wa Massachusetts na wenzao mwaka 1991, na ambacho leo huwasaidia madaktari kuona tabaka za retina kwa wagonjwa wa kisukari na wa presha ya macho. Mwanga unaoingia jichoni umewekewa kikomo cha usalama. Hakuna ruhusa ya kuuongeza ili kufidia uzembe wa kiungo. Nao unaorudi kutoka kwenye retina ni kidogo sana ukilinganishwa na ulioingia. Jitihada za kukipunguza chombo hicho kiwe cha kubebeka, kwa kuhamishia sehemu zake katika chipu, zinakutana moja kwa moja na mlango huu. Katika chombo cha namna hiyo, kila asilimia inayopotea njiani kurudi ni tabaka la retina linalofifia katika picha. Hapo kiungo bora, hata kikiwa ghali, ni stahiki ya mgonjwa.

Mfano wa upande wa pili ni chipu za kupima damu kwa kutumia vipete vya silikoni. Mwanga huzunguka ndani ya kipete, na ni rangi maalumu tu inayolingana na mzingo wake ndiyo hukaa humo. Protini au kingamwili kutoka katika damu ya mgonjwa ikinasa juu ya kipete, rangi hiyo husogea kidogo, na msogeo huo ndio jibu. Kinachosomwa si wingi wa mwanga, bali mahali rangi ilipo. Almradi mwanga unaofika kwenye kitambuzi unatosha kusomeka, hasara ya nusu yake haibadilishi jibu. Kuwalazimisha watengenezaji wa chipu kama hizi waunganishe nyuzi kwa usahihi wa sehemu ya mikromita ni kumpandishia mgonjwa bei bila kumpa faida.

Tena chipu inayoguswa na damu haina budi kutupwa baada ya matumizi, kama sindano inavyotupwa. Kazi ya kuunganisha na kufunga chipu za mwanga mara nyingi hugharimu kuliko chipu yenyewe. Ikiwa kila chipu itagandishiwa uzi wake, basi kila kipimo kitatupa jalalani sehemu iliyo ghali kuliko zote. Njia iliyo njema kwa zahanati ni kuiacha chipu ya kutupwa bila uzi wowote. Leza, lenzi na kitambuzi vibaki ndani ya mashine. Chipu ichomekwe kama kadi. Mwanga urushwe kutoka juu, upite hewani na kuangukia matuta, kisha urudi kwa njia hiyohiyo. Mashine za namna hii zimekwisha kutengenezwa, na zimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Hasara ya mwanga inakubaliwa, na badala yake gharama na udhaifu wa kiungo cha gundi vinaondolewa kwenye kitu kinachotupwa kila siku.

Wapo watakaopinga kwamba kuridhika na mwanga kidogo ni kuwapa maskini vifaa hafifu, na kuwaachia matajiri vilivyo bora. Pingamizi hilo lina uzito wa kimaadili na halistahili kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba uhafifu hupimwa kwa majibu anayopata mgonjwa, wala si kwa desibeli. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye rasilimali chache, wakakuta kwamba takriban asilimia 38 havikuwa vikifanya kazi. Nyuma ya tarakimu hiyo wapo watu waliokopa nauli, wakapanga foleni tangu alfajiri, wakaambiwa kwamba mashine ni mbovu. Chombo kilicho bora kuliko vyote kwa karatasi, kikisimama kimya pembeni mwa chumba na kufunikwa shuka, ndicho hafifu kuliko vyote. Shirika la Afya Duniani nalo, katika vigezo vyake vya vipimo vinavyofanyika karibu na mgonjwa, halikutaja usahihi peke yake. Limetaja pia bei inayomudu, urahisi wa kutumia, uimara na uwezo wa kumfikia mhitaji.

Wala maendeleo hayajasimama. Katika taasisi ya teknolojia ya Karlsruhe nchini Ujerumani, watafiti wamebuni njia ya kuchora kwa leza kijia cha plastiki kati ya faiba na chipu baada ya viwili hivyo kuwekwa mahali pake. Kijia hufuata vilipo, badala ya vyenyewe kulazimishwa kulingana. Kwa sehemu za kudumu ndani ya mashine, hasa zile za mwanga urudio, njia za aina hiyo zinatoa tumaini la kupata ubora na uimara kwa pamoja.

Wakati hayo yakingojewa, adabu ya kutunza viungo vya mwanga inaweza kuanza leo, kwa kuwa faiba tayari zimo katika hospitali nyingi: katika mtandao wa kutumia picha za eksirei, katika leza za upasuaji, katika vifaa vya macho. Chembe ya vumbi yenye upana wa mikromita chache, isiyoonekana kwa macho, hutosha kuziba kiini cha uzi. Kwa hiyo kifuniko cha konekta kisiachwe kikazurura mezani. Ncha ya uzi isiguswe kwa kidole. Isafishwe kwa vitambaa vilivyokusudiwa kazi hiyo kabla ya kila kuunganishwa. Konekta ya kijani isichomekwe kwenye ya buluu, kwa kuwa ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari na ya buluu haikukatwa hivyo. Zikikutanishwa hazigusani sawasawa na mwanga hupotea. Na kamwe mtu asiitazame ncha ya uzi ulio hai, kwa sababu mwanga wa mawasiliano hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho. Mafundi wa vifaa tiba wanayajua haya. Ni haki yao kupewa hadubini za kukagulia ncha, vitambaa vya kusafishia na mafunzo kwa lugha wanayoimiliki.

Kwa wanaonunua au kupokea vifaa kwa msaada, maswali manne yangefaa kuandikwa katika kila mkataba. Kwanza, mwanga unapita kiasi gani siku chombo kinapotoka kiwandani, na kiasi gani baada ya kutikiswa, kupashwa joto na kuwekwa penye unyevu? Pili, je, sehemu inayotupwa ina kiungo cha kugandishwa? Tatu, kiungo kikilegea, fundi wa hapa nchini anaweza kukirekebisha, au sanduku zima lazima lirudi ng'ambo? Nne, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote: chombo kitajuaje kwamba mwanga wake umepungua?

Swali la mwisho halihitaji elimu ya fizikia. Kila mhudumu aliyewahi kutumia kipimo cha haraka cha malaria anaijua herufi C na mstari wake. Mstari huo usipojitokeza, kipimo ni batili. Hakisomwi kuwa mgonjwa hana malaria, bali hutupwa na kurudiwa. Watu wengi wameepushwa na majibu ya uongo kwa sababu ya mstari huo mmoja mwekundu. Chipu ya mwanga nayo inastahili kuwa na mstari wake wa C: kabla ya kila kipimo ijipime yenyewe, ilinganishe mwanga ulioingia na uliotoka, na ukiwa umepungua chini ya kiwango, ikatae kutoa jibu na kumweleza mhudumu sababu. Chombo kisichoweza kufanya hivyo, hata kikisifiwa namna gani, hakijawa tayari kukabidhiwa mgonjwa. Na mtumishi wa afya anayekikataa kwa sababu hiyo anatimiza wajibu wake.